Tafi Akikabidhiwa Kaunti, Anzeni na Daftari

Kwa miaka sita nilikuwa katibu wa BMU, chama cha wavuvi kinachosimamia ufuo, katika diko moja, yaani mahali vyombo vinaposhushia samaki, la pwani ya Kenya. Katika miaka hiyo nilifanya kosa moja ambalo ningependa wenzangu wa madiko mengine walikwepe kabla kaunti haijawaita mezani kuzungumzia samaki wao.

Siku kaunti ilipotuita sisi, tulikuwa tumeketi chini ya makuti ya banda, maafisa upande mmoja na wavuvi wa malema, yaani mitego ya kusuka, na wa nyavu upande mwingine, tukijadili kama tafi, samaki wa mwambani mwenye miiba, apewe utaratibu wake mwenyewe, wenye msimu, kipimo na mitego inayoruhusiwa. Afisa mmoja akanigeukia, akauliza kwa upole, "Katibu, mwaka jana mlishusha tafi kiasi gani?" Nikafungua daftari kwa kujiamini, kwani hapakuwa na siku niliyokosa kuandika. Daftari likasema: mchanganyiko, kilo 43. Mchanganyiko, kilo 61. Mchanganyiko, kilo 38. Nikafunua ukurasa wa pili, wa tatu, wa kumi, na kote nikakuta neno hilo hilo. Tafi, changu, pono na kangu wote walikuwa wamezikwa humo, na hapakuwa na namna ya kuwatenganisha tena.

Haukuwa uvivu. Tajiri aliyenunua samaki wetu alilipa bei moja kwa samaki wote wa mwambani, kwa hivyo nahodha hakuona haja ya kuwatenga, mpimaji hakuona haja ya kupima mara mbili, nami nikaandika kile kilichokaa juu ya mizani. Daftari letu lilifuata bei, halikumfuata samaki. Kwa kuwa hatukuwa na hesabu, jambo pekee lililobaki kuzungumzwa siku ile lilikuwa idadi ya leseni, ambayo haimwambii mtu yeyote kama tafi wamepungua au wameongezeka.

Msomaji wa nje ya pwani huenda akauliza kwa nini kaunti ihusike na samaki wa baharini. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imeutaja uvuvi mara mbili. Serikali ya kitaifa imepewa ulinzi wa mazingira na maliasili, na uvuvi umetajwa humo. Kaunti nazo zimepewa kilimo, na ndani ya kilimo, jirani na minada ya mifugo na machinjio, umo uvuvi tena. Serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, kanuni za BMU zilizokuwapo zilikuwa za mwaka 2007, zilizoandikwa wakati mkurugenzi wa uvuvi alikuwa mmoja tu, naye yuko Nairobi. Kisha ikaja Sheria ya Usimamizi na Ustawishaji wa Uvuvi ya mwaka 2016. Kwa mvuvi wa kawaida matokeo yake yamekuwa kwamba ana mabwana wawili na kila mmoja ana sehemu ya ufunguo. Sioni ubaya wowote katika mamlaka kuteremka. Afisa anayeishi mwendo wa matatu moja kutoka dikoni ni rahisi kumpata kuliko yule wa Nairobi. Lakini mamlaka yanayoteremka bila hesabu hayana cha kushika, na hesabu ya tafi haipo katika ofisi yoyote mpaka iandikwe ufuoni asubuhi, maji yanapojaa na vyombo vinaporudi.

Baada ya aibu ile tulipiga mistari upya katika daftari. Tulitenga safu ya tafi peke yake, safu ya chombo na mtego uliotumika, safu ya idadi ya watu waliokwenda baharini, na safu ambayo wengi waliicheka, ya chombo kilichorudi kitupu. Nawasihi msiiache safu hiyo. Kama mitumbwi kumi imetoka na mitatu tu ikarudi na samaki, katibu anayeandika ile mitatu peke yake ataonyesha diko lenye neema, ilhali wavuvi wa mitumbwi saba wamerudi nyumbani bila kitoweo. Tuliweka pia ubao wenye alama za sentimita, na kila Jumatatu na Alhamisi nilipima tafi thelathini wa kwanza kufika, bila kuchagua, kuanzia mdomo hadi ncha ya mkia. Kazi hiyo inahitaji uangalifu, kwa sababu miiba ya tafi ina sumu, na aliyechomwa hahitaji kuelezwa maana yake.

Hata hivyo, ilichukua miezi kadhaa kabla sijagundua kwamba tafi wengi hawakuwa wakifika kwenye mizani kabisa. Mama mmoja anayekaanga samaki, miongoni mwa wale tunaowaita mama karanga, alinikuta nikijisifu mbele ya wageni kwamba tafi wetu ni wakubwa. Akasubiri wageni waondoke, kisha akanifunulia beseni lake. Mlikuwa na tafi wa urefu wa kiganja, zaidi ya sitini, aliowanunua majini kabla mtumbwi haujavutwa mchangani. Samaki wadogo hawakuwa na bei kwa tajiri, kwa hivyo walipita kando ya mizani na kwenda moja kwa moja kwenye karai la mafuta, na kipimo changu cha Jumatatu na Alhamisi kiliona wakubwa tu. Hao wadogo waliokuwa wakinikimbia ndio hasa ambao mpango wowote wa kumsimamia tafi unapaswa kuwajua. Nilimwomba yule mama na wenzake wanne wawe wakinihesabia mabeseni, na sharti walilonipa ni kwamba hesabu yao isije ikatumiwa kuwafukuza ufuoni. Nililiandika sharti hilo katika kumbukumbu za kikao na wanakamati wakatia saini, na nadhani ni kwa sababu ya saini zile kwamba hawakunidanganya.

Hesabu za mabeseni zilibadilisha mazungumzo. Wavuvi wa malema walikuwa wamesikia juu ya mwanya mwembamba, wa kama sentimita 3, unaoachwa kwenye pembe ya lema ili samaki wachanga wapate kutoka. Watafiti waliujaribu katika malema ya pwani yetu na kukuta kwamba samaki wanaobaki huwa wakubwa zaidi na kipato hakipungui, lakini hakuna mzee aliyekubali kukata lema lake kwa sababu ya maneno ya semina. Walipoona katika daftari lao wenyewe ni mabeseni mangapi ya wadogo yalikuwa yakitoka kwa wiki, na yaliuzwa kwa pesa ngapi, wawili walijitolea kujaribu malema manne. Mmoja aliacha baada ya bamvua mbili, yaani vipindi viwili vya maji makuu, akisema pono wake wametoroka. Wa pili anayatumia mpaka leo.

Kuna jambo moja ambalo sishauri liandikwe hata kidogo. Wazee wanajua kwamba katika miezi ya kaskazi, karibu na mwezi mpevu, tafi hukusanyika mahali fulani kwenye mwamba ili kutaga, na watafiti waliowafuatilia kusini mwa pwani ya Kenya na huko Shelisheli wamethibitisha kwamba mikusanyiko hiyo ipo. Mvuvi anayepajua mahali hapo anaweza kuvua wengi kwa siku chache kuliko anavyovua mwezi mzima wa kusi. Tulipotakiwa kutoa mapendekezo ya kufunga uvuvi wakati huo, kijana mmoja mwenye nia njema alitaka kuweka ramani. Wazee walikataa, nami niliwaunga mkono, kwa sababu waraka wa kaunti ni waraka wa umma na yeyote anaweza kuusoma, akiwemo mwenye boti ya mashine na wavu wa kuzungushia. Tuliandika siku, hatukuandika mahali. Kufunga siku tano au sita za mwezi kwa eneo lote la diko kulileta manung'uniko, lakini hakukumpa mgeni ramani ya hazina.

Sasa nije kwenye kalenda, ambayo ni sehemu kavu ya ushauri wangu, nami nitaipita haraka. Kaunti haisikii kwa sauti kubwa, inasikia kwa tarehe. Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012, mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa katika bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, waraka wa mkakati wa fedha kabla ya tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kabla ya tarehe 30 Aprili, ili mwaka wa fedha uanze tarehe 1 Julai. Kwa miaka mitatu ya mwanzo sisi tulikuwa tukienda kulalamika mwezi wa Juni, kila kitu kikiwa kimekwisha kupangwa. Mwaka tuliokwenda mwezi wa Agosti na karatasi mbili, moja ya hesabu ya tafi na moja ya gharama ya mizani na mafuta ya boti ya doria, mwakilishi wadi wetu alizisoma zote mbili kwa sababu zilikuwa fupi. Msiupuuze pia Mswada wa Fedha wa kaunti, kwani humo ndimo ada hupangwa, na ni humo mnapoweza kuomba kwamba sehemu ya ada inayotozwa ufuoni irudi ufuoni.

Doria ni suala gumu zaidi, na hapa sitaki kumpa mtu matumaini ya bure. BMU inaweza kumwonya mvuvi, kumwita kwenye kikao na kumtoza faini iliyokubaliwa katika kanuni zake, lakini haina bunduki wala mahakama, na kikosi cha walinzi wa pwani kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 2018 kiko chini ya serikali ya kitaifa. Juya, wavu unaokokotwa hadi ufuoni, limepigwa marufuku tangu mwaka 2001, na bado kila mwenye macho ufuoni anajua linapovutwa. Kwa hivyo, mnapokaa na kaunti kuandika masharti ya tafi, ulizeni kwa kila sharti: nani atakayelisimamia usiku, kwa chombo cha nani, na mafuta yatatoka wapi. Masharti ambayo hayakupata jibu sisi tuliyafuta. Yalibaki matatu, nami naona matatu yanayofuatwa yana heshima kuliko kumi na mbili ya ukutani.

Tena kuna majirani. Kaunti za Kenya zinazogusa bahari ni tano: Kwale, Mombasa, Kilifi, Tana River na Lamu, na mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki huelekea kaskazini, ukibeba mayai na mabuu. Tafi unayemvua wewe huenda alizaliwa Pemba au Tanga, na anayetaga kwako anaweza kukulia kwa jirani. Wavuvi nao huhama, wakaenda dago, yaani kambi za uvuvi mbali na kwao, kwa miezi, na wengi wa hao ni Wapemba ambao kwa miaka mingi waliishi Kenya bila vitambulisho na hivyo bila leseni, mpaka serikali ilipowatambua kuwa raia mwaka 2023. Kabla ya hapo tuliandika sheria ndogo ambazo nusu ya watu waliokuwa baharini hawakuwa na njia halali ya kuzifuata. Tulimwalika nahodha wao mmoja katika kikao, na ndiye aliyetueleza kwa nini siku tulizochagua hazikuwafaa watu wa mshipi.

Anayedhani matatizo haya ni ya maskini peke yao aangalie Ghuba ya Meksiko. Huko Marekani yuko samaki mwekundu wa jamii ya kungu ambaye mwaka 2017 serikali kuu iliwapangia wavuvi wa burudani wenye boti zao msimu wa siku 3 tu katika maji yake, kelele zikapigwa hadi siku zikaongezwa. Tangu mwaka 2020 majimbo matano, Texas, Louisiana, Mississippi, Alabama na Florida, kila moja linasimamia fungu lake la wavuvi hao na kupanga siku zake lenyewe, ilhali jumla ya fungu bado inaamuliwa na serikali kuu. Ugomvi haukuisha, bali ulihamia kwenye hesabu, kwa sababu takwimu za majimbo na za serikali kuu zilikusanywa kwa njia tofauti na ilibidi zigeuzwe ziwe za kipimo kimoja kabla ya kulinganishwa, jambo ambalo halikuwafurahisha waliopunguziwa fungu. Ndiyo maana nasisitiza kwamba madiko ya kaunti moja, na ikiwezekana ya kaunti mbili zinazopakana, yakubaliane mapema juu ya namna ya kuandika: kama tafi anapimwa hadi ncha ya mkia au hadi kwenye panda, pale mkia unapogawanyika, kama kitoweo cha mabaharia kinahesabiwa, na kama siku ya kurudi mtupu inaandikwa. Sisi na diko la jirani tulikuwa tumepima tofauti kwa mwaka mzima, wao hadi kwenye panda na sisi hadi kwenye ncha, na tafi wao wakaonekana wafupi kuliko wetu.

Mwisho ni uhifadhi wa daftari lenyewe. Daftari letu la kwanza lililoandikwa ipasavyo lilikuwa juu ya meza ya banda usiku mmoja wa masika, makuti yakavuja, na asubuhi wino wa kurasa za miezi minne ulikuwa umekuwa wingu la buluu. Tangu hapo tunaandika kwa penseli. Kila Ijumaa baada ya swala mweka hazina hupiga picha kurasa za wiki kwa simu na kuzituma kwa watu watatu: afisa wa uvuvi wa kaunti, mwalimu wa shule ya msingi ya jirani, na yule mama wa beseni, ambaye huwa wa kwanza kupiga simu pale hesabu ya wadogo inapokosekana.