Mpira Ni wa Nani? Majibu ya Maswali Yenu Kuhusu Waamuzi wa Lakrosi ya Vyuo vya Marekani

Barua zilizotufikia kuhusu lakrosi ya wanaume ya vyuo vikuu vya Marekani zinafanana kwa jambo moja. Waandishi wake wametazama mechi na kuona waamuzi wakitoa maamuzi ambayo, kwa mtu aliyezoea soka, hayana kichwa wala miguu. Maamuzi hayo yana mpango wake, na mpango huo huanzia kwenye swali ambalo mwamuzi hujiuliza kabla ya swali jingine lolote: kwa wakati huu, mpira ni wa nani?

Kwa wasomaji wapya, lakrosi ni mchezo ambao mpira hubebwa, hupasiwa na hupigwa golini kwa fimbo yenye wavu kichwani, na kila timu huingiza wachezaji 10: golikipa, mabeki 3, viungo 3 na washambuliaji 3. Mechi ina robo 4 za dakika 15, na uwanja una urefu wa yadi 110 na upana wa yadi 60. Goli ni la futi 6 kwa futi 6, nalo halikai juu ya mstari wa mwisho bali limesogezwa yadi 15 ndani ya uwanja, kwa hiyo watu hucheza hata nyuma yake. Kanuni tunazozieleza hapa ni za NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo nchini humo, ambacho mashindano yake ya kwanza ya ubingwa wa lakrosi ya wanaume yalifanyika mwaka 1971, Cornell ikiifunga Maryland katika fainali.

Mshambuliaji alipiga shuti, mpira ukapita pembeni ya goli ukatoka nje bila kuguswa na mtu. Mwamuzi akairudishia mpira timu ileile iliyopiga shuti. Katika mchezo gani mtu anakosa goli halafu anapewa mpira tena? Mimi niliona ni upendeleo.

Hapakuwa na upendeleo wowote, ingawa nakiri kwamba hii ndiyo kanuni inayowashangaza wageni kuliko zote. Mpira ukitoka nje kwa njia ya kawaida, kwa mfano pasi iliyopotea, lakrosi hufuata desturi mnayoijua: timu iliyougusa mwisho huupoteza. Shuti ndilo lenye kanuni yake. Mpira wa shuti ukitoka nje, hupewa timu ya mchezaji aliyekuwa karibu zaidi na mpira pale ulipovuka mstari, wakati ulipouvuka, bila kujali nani alipiga. Hata ukigonga mwamba au ukimparaza golikipa kabla ya kutoka, bado unahesabiwa kuwa ni shuti.

Siku nyingine mtakapotazama mechi, uacheni mpira kidogo na mmwangalie mshambuliaji anayesimama nyuma ya goli. Mara tu mwenzake anapoinua fimbo kupiga, yeye huwa ameshageuka na anakimbia kuelekea mstari wa mwisho, na mara nyingi golikipa naye hutimua mbio kutoka golini mwake kwenda kulekule. Hawakimbii ili waudake mpira, kwa sababu unakwenda kasi mno. Wanakimbia ili wawe karibu nao kuliko mpinzani pindi utakapovuka. Mbio hizo za hatua nne au tano ndizo zinazoamua timu gani itashambulia kwa dakika nzima inayofuata, na ndiyo maana waamuzi hugawana kazi: mmoja hubaki akilitazama goli na duara linalolizunguka, mwingine hukimbilia mstari wa mwisho ili aone kwa macho yake nani alikuwa karibu.

Jambo moja huwapita wengi. Timu inayopewa mpira baada ya shuti lililokwenda nje kabisa, bila kugusa mwamba wala golikipa, haipewi muda mpya. Tangu msimu wa 2019 mchezo huu una saa ya shuti, na kwa utaratibu wa sasa timu inayoupata mpira ina sekunde 80 za kupiga shuti, ambapo sekunde 20 za kwanza ni za kuuvusha mpira mstari wa kati. Shuti likigonga mwamba au golikipa na washambuliaji wakaupata mpira tena, saa huanzishwa upya. Likienda nje kavu, saa huendelea pale ilipoishia. Kwa hiyo mshambuliaji uliyemwona akipewa mpira tena hakuzawadiwa kwa kukosa; alirudishiwa mpira huku muda wake ukiyoyoma.

Nimeona mwamuzi akirusha kitambaa cha njano baada ya faulo iliyo wazi, lakini hakupuliza kipenga na mchezo ukaendelea. Mara nyingine anapaza sauti tu, hakuna kitambaa. Je, hizi ni taratibu mbili au waamuzi wawili wenye mazoea tofauti?

Ni taratibu mbili, na zinatenganishwa na lile swali la mwanzo. Inabidi kwanza tueleze mpira huhesabiwa kuwa wa mtu lini. Mchezaji anaumiliki mpira pale unapokuwa ndani ya wavu wa fimbo yake naye anaweza kuutuliza, kuupasia au kuupiga. Mpira unaobingirika chini, au unaorukaruka kati ya fimbo tatu, hauna mwenyewe.

Tuseme mpira uko kwa timu ya wekundu, na beki wa bluu anamfanyia faulo mmoja wao. Mwamuzi akipuliza kipenga hapohapo, atakuwa amewasaidia waliokosea kwa kukatiza shambulizi. Hivyo hurusha kitambaa na kuwaacha wekundu waendelee mpaka wafunge, mpira utoke nje, au wapinzani waupate. Washambuliaji wanaoujua mchezo wao hufurahi wakiona kitambaa hicho kikianguka, kwa kuwa hata wakikosa goli, adhabu inawangoja wapinzani.

Sasa tuseme mpira uko chini, hauna mwenyewe, na kiungo wa bluu anamsukuma kwa nyuma kiungo wa wekundu aliyekuwa anaukimbilia. Hapa hakuna shambulizi la kulinda, ila kuna nafasi ya kuuokota ambayo wekundu wanaweza bado kuwa nayo. Mwamuzi hupaza sauti kwamba mchezo uendelee na kusubiri kitambo. Wekundu wakiuokota, jambo limekwisha. Wasipoupata, anapuliza kipenga na kuwapa mpira. Hakuna atakayetolewa nje ya uwanja, kwa sababu faulo ya kiufundi iliyofanyika wakati mpira hauna mwenyewe humgharimu mkosaji mpira tu.

Faulo ziko za aina mbili, na wengi mmezichanganya katika barua zenu. Faulo ya kiufundi, kama kusukuma, kushika au kuotea, ikifanywa dhidi ya timu yenye mpira, humtoa mkosaji nje kwa sekunde 30. Faulo ya mwili, kama kumpiga mtu kwa fimbo, kumtega mguu au kumvamia isivyo halali, humtoa kwa dakika 1 hadi 3, mpira uwe wa nani usiwe wa nani. Wekundu wakifunga goli wakati kitambaa kiko chini, faulo ya kiufundi hufutwa kwa kuwa wameshapata walichostahili, lakini faulo ya mwili haifutwi: goli linahesabiwa na mkosaji anakwenda kukaa nje vilevile. Naiona kanuni hii kuwa ya haki kabisa, maana goli haliponyi mkono uliopigwa fimbo.

Kwa kawaida timu iliyobaki na upungufu ikifungwa goli, mchezaji wake hurudi uwanjani hata kama muda wake haujaisha. Zipo adhabu zisizofupishwa na goli lolote, zikiwemo za kumpiga mpinzani kichwani au shingoni na za kutumia fimbo isiyo halali. Katika hizo, timu inaweza kufungwa mara mbili au tatu mchezaji wake akiwa bado amekaa nje anahesabu sekunde.

Mbona wanapigana fimbo za mikono na mwamuzi anatazama tu?

Kwa sababu mkono wenye glavu ulioshika fimbo huhesabiwa kuwa sehemu ya fimbo, na fimbo yenye mpira inaruhusiwa kupigwa. Kigezo ni mahali pigo linapotua na namna lilivyopigwa. Likitua kwenye glavu iliyoshika fimbo, ni halali. Likitua juu zaidi kwenye mkono, au kichwani, au likipigwa kwa fujo bila kuulenga mpira, ni faulo ya mwili.

Kuotea katika lakrosi kunahesabiwaje? Sioni mstari wa beki wa mwisho.

Msiutafute, maana haupo. Kuotea ni hesabu ya vichwa tu: timu haitakiwi kuwa na wachezaji zaidi ya 6 katika nusu inayoshambulia, wala zaidi ya 7, golikipa akiwemo, katika nusu inayolinda. Ndiyo maana beki mwenye fimbo ndefu akiuchukua mpira na kuvuka nao mstari wa kati, utamwona kiungo mmoja wa timu yake akisimama ghafla katika nusu wanayoilinda na kuinua fimbo juu, akiwajulisha wenzake na mwamuzi kwamba yeye ndiye aliyebaki. Wakisahau, timu yenye mpira huupoteza. Anayeotea akiwa wa timu isiyo na mpira, anakwenda nje sekunde 30.

Wale wawili wanaoinama katikati ya uwanja kabla ya mchezo kuanza, mwamuzi anawakagua nini kwa muda wote ule? Na kwa nini siku hizi hawapigi magoti?

Hilo ni pambano la kugombea mpira, linalofanyika mwanzoni mwa robo na baada ya kila goli, na katika mechi yenye magoli mengi linaweza kurudiwa zaidi ya mara ishirini. Timu yenye mtaalamu wa pambano hili inaweza kufunga, kuupata mpira, ikafunga tena, wapinzani wasiuguse kabisa. Ni haki mwamuzi akilisimamia kwa umakini mkubwa.

Tazameni kwa karibu. Fimbo mbili zimelazwa chini kuufuata mstari wa kati, vichwa vyake vikiwa vimepeana mgongo, na mpira umewekwa kati yake. Mwamuzi anahakikisha mpira haujaegemea upande mmoja, fimbo hazigusani, na hakuna aliyejiinamisha juu ya mpira. Anawaambia watulie, anajiondoa kwa kurudi nyuma, kisha anapuliza. Hupuliza kwa muda usiotabirika, mara mapema, mara akichelewa kidogo, ili asiwepo anayeweza kukisia. Anayetikisika kabla ya kipenga hupoteza nafasi palepale, na mpira hupewa mpinzani bila kugombewa.

Kuhusu magoti, kanuni ilibadilishwa kuanzia msimu wa 2021. Wagombea wanatakiwa kuanza wakiwa wamesimama kwa miguu yao, goti lisiguse chini, na ule mshiko wa viganja vyote viwili kutazama chini, kama mtu aliyekamata usukani wa pikipiki, ulipigwa marufuku. Mshiko ule uliwawezesha kuubana mpira chini na kuung'ang'ania, na pambano likawa la watu wawili waliogandana huku viungo wa pembeni wakingoja. Hata sasa, mgombea akiubana mpira na kukataa kuutoa, ni faulo. Mpira uliobanwa chini ya fimbo bado hauna mwenyewe, kwa hiyo anayeukalia anawazuia wengine kugombea kitu ambacho si chake.

Je, mshambuliaji anaruhusiwa kurukia ndani ya duara la golikipa akifunga? Rafiki yangu anasema ndiyo, mimi nasema hapana, na sote tumewahi kuona uamuzi unaotuunga mkono.

Nyote wawili mna hoja, na sababu ni historia ya kanuni yenyewe. Duara hilo lina nusu kipenyo cha futi 9, na ndani yake golikipa analindwa: haguswi yeye wala fimbo yake akiwa na mpira, ingawa naye hupewa sekunde 4 tu kuutoa. Mwaka 1988, katika nusu fainali ya NCAA dhidi ya Pennsylvania, Gary Gait wa Syracuse alikimbia kutoka nyuma ya goli, akaruka, akaupitisha mpira juu ya mwamba na kuushindilia wavuni kabla hajatua. Alifanya hivyo mara mbili katika mechi ambayo timu yake ilishinda 11 kwa 10. Baadaye kutua ndani ya duara kulipigwa marufuku, na kwa takriban miaka 20 kila goli la namna hiyo likawa linakataliwa. Kama ulitazama mechi za kipindi hicho, ulikuwa sahihi.

Tangu msimu wa 2019 rafiki yako ndiye aliye sahihi, lakini kwa masharti. Mpira lazima uwe umeingia golini kabla mwili wa mpigaji haujagusa duara. Mruko wake lazima uelekee mbali na mdomo wa goli. Na asimguse golikipa. Mwamuzi aliye karibu huangalia pia kama mshambuliaji aliruka kwa hiari yake au alisukumwa na beki, kwa sababu beki hawezi kumsukumia mtu ndani halafu adai goli likataliwe. Yote hayo hutokea kwa chini ya sekunde moja, macho ya mwamuzi mmoja yakihitajika kwenye mpira na kwenye miguu kwa wakati mmoja. Ndiyo maana baada ya goli la namna hiyo utawaona waamuzi watatu wakikutana na kunong'onezana kabla ya kunyoosha mikono. Hawasiti, bali kila mmoja anawaeleza wenzake alichokiona kutoka pembe yake: huyu aliona mpira ukivuka mstari, yule aliona mguu ukitua, na wa tatu aliona mkono wa beki mgongoni.