Nguo za ofisini: Karume au dukani?

Dada, umeuliza kama nguo za kuanzia kazi uzitafute mitumba pale soko la Karume, Ilala, Dar es Salaam, au ununue mpya Kariakoo. Kwa blauzi, mashati na makoti, mimi nasema Karume. Pamba nzito yenye mshono uliokaza huipati kirahisi kwenye nguo mpya ya bei hiyohiyo.

Ila wahi asubuhi, belo (furushi la mitumba) linapofunguliwa. Wenye maduka na wanaouza Instagram ndio wanaochagua kwanza, na mali safi huondoka nao. Kadiri jua linavyosogea bei inashuka, jioni inakuwa ya kutupa, lakini utafukua chungu nzima upate kimoja. (Muuzaji akianza kukuita mrembo, jua bei imeshapanda.)

Usinunulie chini ya turubai la bluu, rangi zinadanganya. Toa nguo juani ukague kola na kwapa; doa la jasho la miaka halitoki hata kwa jiki. Zipu ivute mpaka mwisho. Namba za lebo usizifuate sana: 12 ya Uingereza ni karibu na 8 ya Marekani, na zote zimo kwenye fungu moja. Vyumba vya kujaribia usivitegemee, vaa taiti na fulana ya kubana. Hela ya fundi wa kupunguza kiuno ihesabu humohumo kwenye bei.

Viatu kunja soli kwanza, gundi ya zamani huachia. Nguo za ndani nunua mpya tu. TBS, shirika la viwango Tanzania, wamepiga marufuku za mtumba, japo utaziona zimepangwa.