Kabla hujailaani spana

Jana nimemwona spanaboi mmoja akigeuza soketi iliyopasuka, ile spana ya kikombe inayovishwa juu ya nati, akasoma jina la nchi lililogongwa ubavuni, akasonya na kuitupa kwenye ndoo ya chuma chakavu. "Vitu vya nje hivi, takataka tupu." Soketi yenyewe ilikuwa ya kromu, inang'aa kama kioo, na tundu lake la nyuma lilikuwa limechakazwa na mashine ya upepo, ile ya kufungulia nati kwa hewa iliyoshindiliwa. Nikanyamaza. Ningesema nini, wakati miaka mingi iliyopita nilisonya vilevile, na kwa sababu ileile? Basi nawaandikia, wadogo zangu, kwa sababu mnanichosha na nawapenda.

1. Jina la nchi halikazi nati.

Malalamiko yenu yana ukweli, tusidanganyane. Majina mengi tuliyofundishwa kuyaheshimu yameshuka. Chukua Craftsman, jina la vifaa vya fundi: Sears, wenye maduka ya Marekani, walianza kulitumia mwaka 1927, na likajengewa sifa ya kwamba kifaa kikikatika unakwenda nacho dukani unapewa kingine. Kabla hata jina halijauzwa kwa Stanley Black & Decker mwaka 2017, sehemu kubwa ya kazi ilikuwa imeshahamia Asia. Mwaka 2019 wakatangaza kiwanda kipya Fort Worth, Texas, ili spana na soketi zirudi kufuliwa Marekani. Mwaka 2023 wakatangaza kukifunga. Mitambo ya kujiendesha iliyotakiwa kufanya kazi ya watu wengi haikufikia walichotarajia. Wale wa Vise-Grip nao, plaizi inayojifunga ikishauma, waliozaliwa kwenye mji mdogo wa DeWitt, Nebraska, kiwanda chao kilifungwa 2008 na kazi ikaenda China. Kufua chuma na kukipa moto sawasawa ni kazi ya mikono na macho ya watu. Ukiwaacha watu hao watawanyike, kuwakusanya tena si suala la kununua roboti.

Lakini geuza upande wa pili. Racheti kadhaa nzuri, mipini ya kuzungushia soketi, nilizoshika maishani zimetoka Taiwan. Knipex wako Wuppertal, Ujerumani, tangu 1882, na plaizi zao bado zinauma bomba bila kuteleza. Na China kiwanda kimoja kinaweza kutoa spana ya daraja la juu asubuhi na uchafu jioni, kwa sababu mwenye jina ndiye anayeagiza: chuma gani, muda gani kwenye tanuri, na wangapi wasimame mwisho wa mstari kukataa zilizoharibika. Ukipunguza hao wa mwisho, bei inashuka haraka sana. Kwa hiyo unapolaani nchi, mara nyingi unamkosa aliyeagiza, naye anakaa ofisini kwenye nchi unayoisifia.

2. "Cr-V" iliyogongwa kwenye mpini inakwambia kilichochanganywa, yaani kromu na vanadi, haikwambii chuma kilivyochomwa. Chuma hichohicho kikizimwa vibaya kinakatika kama chaki, na kisipopata moto wa kutosha mdomo wa spana unafunguka mara ya tatu ukikaza. Chukua nati mpya kwenda dukani, ivishe spana, itikise. Ikicheza, irudishe.

3. Kromu na mashine ya upepo.

Hapa ndipo ninapoona aibu mpaka leo. Nilikuwa mwaka wa pili gereji, najua kila kitu. Ikaja gari ya kubadilishwa mkanda wa taimingi, bolti ya puli ya kranki imeshika kama imechomelewa. Nikavisha soketi yangu mpya ya milimita 22 kwenye mashine ya upepo. Ya kromu, ya pembe kumi na mbili, nimeinunua wiki ileile. Ikagonga labda sekunde kumi, ikapasuka ubavu mzima, kipande kikaruka kikanichana juu ya nyusi. Nusu kidole chini yake na leo ningekuwa naandika kwa jicho moja. Miwani? Ilikuwa kichwani, imenipendeza.

Nikaishika ile soketi, nikasoma nchi, nikatukana nchi. Nikatangaza mbele ya gereji nzima kwamba vya zamani ndivyo vilikuwa vyuma. Na ili kuwathibitishia, nikafanya jambo ambalo hakuna aliyenituma: nikafungua droo ya mzee wangu, fundi aliyenifundisha, nikachukua soketi yake ya 22. Aliirithi kwa fundi wake. Kromu ilikuwa imekwisha kwa kushikwa, maandishi yamebaki kivuli, ila jina la mji uliofuliwa bado lilisomeka, na sote tulilitamka kwa heshima kama jina la babu. Sikuomba ruhusa. Mzee alikuwa amekwenda kutafuta spea.

Nikaivisha kwenye mashine ileile, bolti ileile.

Ilivumilia zaidi, nikiri hilo. Nilipata muda wa kugeuka na kuwakonyeza wenzangu. Kisha nikasikia mlio ambao siwezi kuuandika, na soketi ikaanguka sakafuni vipande viwili. Bolti nayo ikawa kipara, pembe zote zimelika.

Mzee aliporudi hakupiga kelele. Aliomba vipande vyote, vyangu na vyake, akavipeleka mlangoni penye mwanga. Akanionyesha mahali palipokatikia. Yangu ndani ilikuwa na chembe kubwa zinazometameta, kama mchanga wa mtoni. Yake ilikuwa ya kijivu, laini, chembe huzioni. "Umeona? Hii ilikuwa bora, wewe hukukosea." Akanipa vyote mkononi. "Na zote mbili umeziua wewe."

Ndipo akanieleza nilichotakiwa kuuliza tangu siku ya kwanza. Soketi ya kromu hufanywa ngumu na nyembamba ili iingie pembamba na isilike kwa mkono wa mtu. Mashine haisukumi, inagonga, mara nyingi mno kwa dakika, na kitu kigumu hakipendi kugongwa. Soketi ya mashine ni nyeusi, ina ukuta mnene, pembe sita, chuma cha kromu na molibdeni kilichoachwa na ulaini kidogo ili kimeze kipigo. Nyeusi ya bei ya kawaida kutoka popote ingefungua ile bolti, na soketi ya urithi ingekuwa bado kwenye droo. Tulichomelea nati juu ya kile kipara, mchana wote ukaisha, mwenye gari amekaa kwenye benchi ananitazama bandeji.

Mzee hakuninyima kazi. Ila droo yake tangu siku ile ilikuwa na kufuli, na mimi ndiye niliyetumwa kununua lile kufuli.

4. Haya ya haraka. Miwani machoni, si kichwani. Nati ya bomba la breki ni spana yake maalumu, si spana ya mdomo. Skrubu ya Kijapani yenye kidoa kidogo pembeni ya msalaba inataka bisibisi ya JIS, kipimo cha Wajapani wenyewe. Hiyo nyota yako ya Phillips itaitafuna halafu useme bisibisi feki. Tupa inakata kwenda mbele tu, iinue ukirudi.

5. Spana malaya, ile ya taya la kusogezwa. Aliyeipa umbo tunalolijua ni Msweden, Johansson, mwaka 1892, na sidhani kama aliwaza kijana angeivisha bomba la mita nzima halafu alalamike taya limelegea. Taya lisilosogezwa ndilo libebe nguvu, kaza skrubu mpaka lisicheze. Nimekuwa na mbili, moja ya jina kubwa na moja isiyo na jina kabisa. Ya jina kubwa ndiyo iliyolegea. Kwa nini? Kwa sababu niliiamini, nikaitumia kama nyundo.

Ile soketi ya jana nimeiokota kwenye ndoo. Leo asubuhi nimeiweka kwenye benchi karibu na jiriwa, pembeni ya vile vipande viwili vya mzee ambavyo natembea navyo kwenye kisanduku mpaka leo, sehemu zilizokatika zikitazama dirishani. Kijana amepita mara mbili, mara ya pili akasimama kidogo. Bado hajauliza. Mashine ya upepo nimeifungia kabatini kwa sasa.