Mkono Ukianza Kufa Ganzi Usiku: Ushauri kwa Wakata Waridi

Ukiishi Karagita, Kamere au Kasarani, kando ya Ziwa Naivasha, utawajua wakata waridi hata kabla hawajakuambia wanafanya kazi gani. Anakusalimia huku anakung'uta mkono wa kulia. Anashika kikombe cha chai kwa mikono miwili. Ukimuuliza, atasema ni baridi ya asubuhi, au mshipa umekauka, au uzee umeanza mapema. Yuko na miaka thelathini na moja.

Mimi nimekata waridi, nimekaa gredi, yaani ukumbi wa kupanga maua kwa urefu na kuyafunga, na sasa niko upande wa kamati ya usalama kazini, ambako watu huniletea mikono yao niitazame kana kwamba mimi ni daktari. Si daktari. Ila nimeona mikono ya kutosha kujua kwamba wengi huchelewa, na huchelewa kwa sababu maumivu haya hayana siku ya kuzaliwa. Ukianguka na ndoo, kila mtu ameona na supavaiza anaandika. Mkono unaochakaa hauandikwi na mtu.

Kwa ambaye hajaingia grinihausi, kazi yenyewe iko hivi. Mvunaji anapita kati ya vitanda vya waridi, anatafuta ua lililofunguka kwa kiwango anachotaka mnunuzi, anakata juu ya jicho la jani, analaza shina kwenye mkono wa kushoto, anasonga. Tuseme anakata shina moja kila sekunde 6. Hizo ni mara 600 kwa saa, mara 3,600 kwa saa 6, na kila mara vidole vinne vinafumba na gumba linakaza. Asiyevuna yuko kwenye kutoa vichipukizi vya pembeni, kazi ya kufinya kwa gumba na kidole cha shahada tangu asubuhi. Gredi nako mtu anapima urefu, sentimita 40, 50, 60, anapukutisha majani ya chini, anapanga vichwa vilingane, anafunga bandali ya mashina 10 au 20 kwa karatasi ya katoni, anavuta mpira. Hayo yote ndani ya ukumbi wa baridi, na vidole vilivyopoa hukaza zaidi ya inavyohitajika kwa sababu havihisi vizuri vilichoshika.

Ndani ya kifundo cha mkono, upande wa kiganja, kuna njia nyembamba. Chini yake ni mifupa, juu yake ni utepe mgumu usionyumbuka. Hapo zinapita kano tisa za kukunja vidole pamoja na neva moja. Kano zikisuguana siku nzima zinavimba, lakini njia haipanuki. Ni matatu ya abiria kumi na wanne iliyopakia ishirini: chuma hakiongezeki, anayeumia ni aliyebanwa mlangoni. Aliyebanwa hapa ni ile neva, nayo ndiyo inayohudumia gumba, shahada, kidole cha kati na nusu ya kidole cha pete.

Ndiyo maana ganzi yake ina ramani. Ukiona kidole kidogo kimesalimika na vile vingine vinawaka kama vimepita kwenye upupu, fikiria kifundo kwanza. Huja usiku kwa sababu wengi wetu hulala tumekunja mkono chini ya shavu au kifuani, na kifundo kilichokunjwa kinazidi kuibana neva. Unaamka saa nane, unakung'uta, inapungua, unalala tena. Hapo bado ni mapema, na hapo ndipo pa kuchukua hatua. Ukifika mahali unadondosha kijiko, kifungo cha sweta ya mtoto kinakushinda, au ile nyama iliyo chini ya gumba imeanza kunywea ukilinganisha na mkono wa pili, basi neva imebanwa muda mrefu na usingoje mwisho wa msimu.

Kuna ndugu zake. Maumivu upande wa gumba yanayopanda kwenye mkono ukijaribu kuinua sufuria, hizo ni kano za gumba, na watoa vichipukizi wanazijua sana. Kidole kinachokwama kikiwa kimekunjwa, halafu kinafunguka ghafla kwa mlio, ni kano iliyofanya fundo. Kiwiko kinachouma upande wa nje ukikamua kitambaa nacho ni cha familia hiyo hiyo. Lakini kama ganzi iko mikono yote miwili na nyayo pia, kapime sukari. Kama viungo vingi vya vidole vinavimba na asubuhi vinakaa vigumu zaidi ya saa nzima, hiyo huenda ni baridi yabisi yenyewe, ugonjwa wa viungo, na lawama usiupe mkasi peke yake.

Sasa dawa za mtaani. Kuchua kwa mafuta ya moto kunatuliza, sikatazi. Ninachokataza ni vile vidonge vya maumivu vinavyonunuliwa kwenye duka la dawa kila Ijumaa kwa mazoea. Diklofenaki na ibuprofeni zinazima maumivu, hazipanui njia ya neva. Zikimezwa mfululizo bila usimamizi zinachimba vidonda tumboni na kuumiza figo. Na mbaya zaidi, zinakuwezesha kurudi kesho kufanya kile kile kilichokuumiza, tena kwa kasi ile ile.

Kama ungeniuliza kitu kimoja cha kubadilisha shambani wiki hii, ningesema mkasi. Wala si kununua mpya. Kunoa. Mkasi butu hauonekani kuwa butu kwa sababu bado unakata. Unakata kwa nguvu zako. Tazama mahali ulipokata: ukiona ganda limechanika na shina limebonyea badala ya kukatika safi, ujue mkono wako umelipa tofauti. Noa ule upande uliochongwa mshazari tu, kwa kinoo kidogo, ukifuata mshazari wake. Upande ulio bapa usiuguse ila kwa kuondoa vinyweleo vya chuma. Futa utomvu, tia tone la mafuta kwenye ekseli, ile pini inayounganisha pande mbili za mkasi, angalia springi inafungua yenyewe, maana springi iliyolegea inakulazimu ufungue kwa vidole, ukawa umefanya kazi mara mbili. Meneja asiyejali mkono wako mwambie hivi: shina lililopondwa linaingiza magonjwa kwenye mti wake. Hoja hiyo nimeona ikileta vinoo kabla ya hoja ya afya.

Ukubwa nao una maana. Watu wanagawiwa mikasi kama sare, wa mkono mdogo na wa mkono mkubwa sawa. Kama ukifungua mkasi vidole vyako vinafika kwenye mpini kwa ncha tu, huo si wako. Kampuni ya Felco ya Uswisi, ambayo mikasi yake iko mashamba mengi, ina toleo la 6 kwa mikono midogo, la 9 kwa wanaotumia mkono wa kushoto, na la 7 lenye mpini unaozunguka unavyofumba vidole. Si wakala wao, na bei yao si ya mchezo. Ninachosema ni kwamba tofauti hizo zipo, na anayenunua mikasi kwa jumla anaweza kuagiza michanganyiko. Mwenye kutumia kushoto aliyepewa mkasi wa kulia anakata huku amepinda kifundo mchana kutwa.

Glavu vilevile. Glavu kubwa inakunjamana kiganjani na unaibana pamoja na mpini. Miiba ni kweli ipo, glavu lazima, lakini ikukae.

Kukata kwenyewe, kuna binti alikuja kutoka Busia msimu wa Valentaini akawa anakata kwa ncha ya mkasi, mkono umenyooka mbele, kifundo kimepinda kuelekea kidole kidogo. Kabla ya chakula cha mchana alikuwa anaushika mkono. Nikamwambia, "Mdogo wangu, usilifuate ua kwa mkono, lifuate kwa miguu." Asogee mpaka kiwiko kiwe karibu na ubavu. Shina liingie ndani ya mdomo wa mkasi, karibu na ekseli, maana huko mkasi unakata kwa nguvu ndogo kuliko kwenye ncha. Na kifundo kikae sawa na mkono wa mbele. Kikipinda, geuza mwili. Aliniambia itampunguzia kasi na tageti, ile idadi ya mashina anayotakiwa kufikisha, haimngoji. Kwa saa chache alikuwa sahihi.

Hapo kwenye tageti ndipo tatizo lenyewe lilipo, na sitaki kulipamba. Kati ya mwisho wa Januari na wiki ya kwanza ya Februari, maua ya tarehe 14 yanatakiwa yawe yameshakatwa, yamepoa na yamefika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Hatujapumua, Siku ya Wanawake ya Machi 8 iko mlangoni, na Siku ya Mama ya Waingereza inafuata. Watu wapya huajiriwa hapo na kupewa idadi ya mzoefu kutoka siku ya kwanza. Kano hazijengeki kwa wiki moja. Shamba lenye akili linawachukua wapya mapema Januari na kuwapandisha kidogo kidogo. Lisilo na akili linawalipa bonasi, kisha linashangaa Machi kwa nini kliniki imejaa.

Mapumziko mafupi yanasaidia kuliko moja refu. Nusu dakika kila baada ya kitanda: weka mkasi kwenye mfuko wake, shusha mikono, fungua vidole, basi. Ni muda wa kuvuta troli tu. Kuhusu mazoezi ya pamoja ya asubuhi, yale ya kuzungusha mabega mbele ya mgeni kutoka Uholanzi, sina ugomvi nayo, lakini yakifuatwa na saa tano bila kusimama ni maonyesho. Na kubadilishana kazi kuwe kwa kweli. Kumtoa mtu kwenye kukata ukampeleka kutoa vichipukizi ni kuuchosha mkono ule ule. Mpeleke kukagua wadudu, kusukuma troli, kufuatilia mabomba ya maji.

Halafu kuna shifti ya nyumbani, ambayo hakuna kamati inayoikagua. Unatoka saa kumi, unakuta beseni. Jinzi za mume na sare za watoto zinakamuliwa kwa kifundo kile kile. Pitisha nguo nyuma ya bomba au mti, shika ncha zote mbili pamoja kwa kiganja kizima, uvute kwa mwili badala ya kusokota; au itundike ikidondoka maji, jua la Naivasha litamaliza. Unga wa chapati aukande mwingine siku ambazo mkono umewaka, na kama wapo vijana wa kiume nyumbani, nao wana mikono. Mtungi wa lita 20 usiubebe kwa vidole viwili.

Usiku, kifundo kinatakiwa kibaki kimenyooka. Kuna vishikizo vya kifundo vinavyouzwa madukani mwa dawa, vyenye ubao au chuma ndani. Ukikosa, kata katoni ngumu upana wa mkono, ianzie katikati ya kiganja ipande mpaka karibu nusu ya mkono wa mbele, weka kitambaa laini, funga bendeji bila kukaza. Vidole viwe huru kufumba. Ukiamka vimekuwa vya bluu au vimevimba, umekaza. Vaa kila usiku kwa wiki kama sita ndipo uamue kama inafaa. Usiku mbili hazitoshi kuhukumu.

Kwa upande wa sheria, Kenya tuna Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, inayotaka mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama. Ulizia nani anakuwakilisha, umpelekee habari kwa maandishi. Ipo pia sheria ya fidia ya mwaka huo huo, tunayoiita WIBA, nayo haikomei kwenye ajali. Inagusa na magonjwa yanayotokana na kazi. Ugumu wake kwa mkono ni ushahidi. Kwa hiyo daftari dogo: tarehe ganzi ilipoanza, vidole gani, ulikuwa idara gani, ulimwambia nani, kliniki ya shamba ilikupa nini. Piga picha ya kila karatasi ya kliniki kabla ya kuirudisha. Mwakilishi wa chama cha wafanyakazi akiwa na daftari kama hilo ana pa kuanzia.

Hospitalini usiseme "mkono unaniuma" ukanyamaza. Taja vidole, taja saa za usiku, onyesha kwa mkono mtupu namna unavyokata. Mhudumu anaweza kukuambia ugusanishe migongo ya viganja huku vifundo vimekunjwa kwa kama dakika moja, aone kama ganzi inakuja. Mwambie kama una mimba, kwa sababu wajawazito wengi hupata ganzi hii na mara nyingi hupungua baada ya kujifungua. Kisukari na tezi ya shingo navyo huleta hali hiyo, ndiyo sababu utachukuliwa damu. Kishikizo kikishindwa, kuna sindano ya steroidi kwenye kifundo. Ikishindwa hiyo, kuna upasuaji mdogo wa kuukata ule utepe mgumu ili neva ipumue. Mara nyingi unarudi nyumbani siku hiyo hiyo, ila nguvu ya kushika inachukua wiki hata miezi kurudi.

Na kabla hujatoka mlangoni kwa daktari, soma barua aliyokuandikia kwenda kazini. Ikisema tu "apewe kazi nyepesi", irudishe kwa adabu. Shambani kazi nyepesi ni kutoa vichipukizi, na utafinya kuanzia asubuhi hadi jioni kwa mkono wenye nyuzi. Mwombe aandike kwa maneno kamili: asishike mkasi, asifinye kwa vidole, asiwekwe kwenye chumba cha baridi, mpaka tarehe fulani, kisha arudi aonwe. Toa nakala mbili, moja ya ofisi ya wafanyakazi, nyingine ibaki kwako ikiwa na muhuri wao wa kuipokea.