Kukaripiwa na msimamizi mbele ya wagonjwa
Dada, umeuliza kama umwendee metroni, yaani mkuu wa wauguzi hospitalini, kwa sababu muuguzi anayekusimamia katika utarajali hukukaripia mbele ya wagonjwa. Nakushauri uanze naye mwenyewe, faraghani, baada ya kukabidhiana zamu na si wakati wa kugawa dawa, umtajie tukio moja tu, kama siku aliyokupokonya kanula, ule mrija mdogo wa kuingizwa kwenye mshipa, kisha umwombe akuoneshe upya anavyotaka kazi hiyo ifanyike. Wasimamizi wengi hufundisha huku wakihudumia idadi ileile ya wagonjwa, na uchovu huo hugeuka ukali, ingawa hauhalalishi hata kidogo kumdhalilisha mtu. Akiendelea, andika tarehe na yaliyotokea, umwone muuguzi mfawidhi wa wodi kabla ya metroni, uombe kubadilishiwa msimamizi. Lakini ukiona dozi isiyo sahihi, usisubiri faragha. Sema papo hapo.