Ubongo hula nini sukari ikipungua?
Umeuliza ubongo unaishije mtu akikaa siku mbili bila kula. Mafuta hayaulishi moja kwa moja. Insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, ikishuka, akiba ya mafuta huachia asidi zake kwenye damu. Ini huzikata, kaboni mbili mbili, zikawa asetili-koA, molekuli ndogo ambayo seli huichoma kupata nishati. Ikizidi, ini huigeuza kuwa ketoni, yaani molekuli ndogo zinazosafiri kwenye damu, na hizo ubongo huzichoma vizuri. Kinachonichekesha ni kwamba ini lenyewe haliwezi kuzitumia, halina kimeng'enya cha kazi hiyo. Chembe nyekundu za damu nazo hubaki na glukosi (sukari ya damu) tu. Ketoni mojawapo, asetoni, hutoka kwa pumzi: harufu kama ya dawa ya kufutia rangi ya kucha. Ila mwenye kisukari aina ya kwanza akinuka hivyo huku anatapika, mkimbizeni hospitali.