Kenta akisema hapana, hadithi igeuke

Mkuu, usichore hiyo sura ya pili. Umeuliza tableti gani ununue, kila sura iwe na kurasa ngapi, na ufanyeje ili wahusika wako wa BL, yaani manga (katuni za Kijapani) za mapenzi kati ya wanaume, wawe kama watu wa kweli. Halafu mpango wenyewe: Ryo, bosi, anambana Kenta kwenye lifti ya ofisi huko Tokyo, Kenta anasema hapana, anabusiwa kwa nguvu, sura ya nne wanaishi pamoja kwa raha zao. Watu wa kweli watatoka wapi hapo?

Najua ulikolitoa hilo. Na mimi nililipia mafunzo ya mtandaoni ambako mwalimu alitukaririsha kwamba kwa kila wapenzi wawili lazima awepo mshambuliaji, anayeanza, na mpokeaji, anayefuatwa, mmoja mrefu mwenye mabega, mwingine mdogo wa kulialia, na kwamba hapana ya mpokeaji ni aibu tu. Nina hasira naye mpaka leo. Alikula hela zetu na hakugusia hata kidogo kwamba mwaka 1992 Masaki Sato, mwanaharakati wa Japani ambaye mwenyewe anapenda wanaume, aliwalalamikia hadharani waandishi wa hadithi hizi kwamba wanawachezea watu kama yeye bila kujali maisha yao. Mabishano yale yaliendelea kwa miaka. Mtu anayefundisha BL analirukaje hilo?

Basi nikamchora mpokeaji wangu kama nilivyoelekezwa. Kazi kapewa na mpenzi wake, chumba cha mpenzi wake, rafiki hana. Nikafika kwenye ugomvi mkubwa, pale anapotakiwa kufungua mlango aondoke, nikakwama. Aende wapi? Hata koti alilovaa alinunuliwa. Msomaji mmoja akaniandikia: "Huyu hapendi, huyu amekosa nauli." Nilizitupa kurasa zote, na wino ulishapita.

Ndiyo maana nakukazania: hapana ya mhusika lazima igeuze hadithi. Kenta akikataa, Ryo ashushe mkono, na kesho yake ofisini pawe pagumu. Nani anaomba kuhamishwa idara? Nani anakwenda kula peke yake? Wakija kupendana baadaye, Ryo aulize, na Kenta akubali huku akiwa na uwezo kamili wa kukataa.

Katafute manga ya Fumi Yoshinaga, *Kinō Nani Tabeta?*, iliyoanza 2007. Shiro ni wakili, mbahili wa kuhesabu bei za sokoni, na kazini anaficha kwamba anaishi na mwanamume. Kenji ni msusi, yeye hafichi. Kenji anamtaja Shiro kwa wateja wa saluni, Shiro anawaka. Hakuna mbaya hapo. Kila mmoja ana sababu yake, na kila mmoja ana mshahara wake.

Na kwa kuwa umewaweka Tokyo, sheria ya Japani haiwaozeshi. Shibuya na Setagaya, wilaya mbili za Tokyo, walianza kutoa vyeti vya uenza kwa wapenzi wa jinsia moja mwaka 2015, lakini cheti hicho si ndoa. Mmoja akilazwa, mwenzake anajitambulisha kama nani pale mapokezi? Ukurasa huo mmoja utakupa mapenzi kuliko lifti kumi.

Usiku wa leo weka kalamu ya kuchorea pembeni, andika mambo mawili tu: kodi ya Kenta inalipwa na nani, na akigombana na Ryo saa sita usiku anakwenda kulala kwa nani.